Mavazi ya Muji: Tutavaa Nini Jioni ya Wamama?



Kila mara mwezi wa 3 unapokaribia, wamama wanakuja kutuuliza ulizo moja. Hawaulizi juu ya ubatizo wala juu ya kufunga chakula. Wanauliza: "Tutavaa nini?" Maana kwetu hapa, sawa na katika miji yote ya Lualaba, siku ya wanawake ya tarehe 8 mwezi wa 3 haiishi na maandamano ya asubuhi. Inaendelea na karamu za jioni: karamu ya wamama wa mutaa, karamu ya wamama wa soko, karamu ya wale wanaocheza likelemba pamoja, karamu ya wake wa watumishi wa kompanyi. Safari hii barua ya mwaliko ilifika mpaka kwa wamama wa kanisa letu. Iliandikwa kwa Kifaransa, na chini kabisa kulikuwa neno juu ya nguo: mavazi ya muji.

Neno hilo ndilo lililoleta taabu. Kama wangeandika mavazi ya arusi, kila mama angejua afanye nini. Kama wangeandika kikwembe tu, mambo yangekwisha. Lakini mavazi ya muji ni nini? Si nguo ya shamba wala ya soko. Tena si nguo ya bibi-arusi, wala kanzu zile zinazoangaza za wanamuziki wa televizio. Ni nguo ya katikati. Na katikati ndipo mutu anapopotea, sababu kila mumoja anapima katikati kwa macho ya jirani yake. Jirani akiongeza mukufu, na wewe unaongeza mukufu. Yeye akibadilisha viatu, na wewe unatafuta viatu. Mwisho, wote munafika kwenye nguo ya arusi, na hakuna aliyeitaka tangu mwanzo.

Kuna wandugu waliosema wamama wasiende kabisa. Shauri hilo lilikwisha kukatwa na wazee wa kanisa: waende, wakule, wasalimie, na watoke mbele pombe haijaanza kuzunguka. Hatutarudi juu yake. Kuna wamama wengine waliopita kwa mama nabii kumuomba aone katika roho rangi gani inafaa. Mama nabii aliwajibu kwamba Roho Mutakatifu hakuandikwa kazi kwa mushonaji. Tulicheka, lakini tuliona kwamba alituachia sisi wenyewe kazi ya kufikiri.

Tuseme mbio lile lisilo na shida. Kujipamba si zambi. Mungu mwenyewe ndiye aliyeshona nguo ya kwanza, na aliishona kwa ngozi, nguo yenye kudumu, kwa watu waliokuwa wamejifunika majani tu (Mwanzo 3:21). Mwanamuke mwema wa Mithali 31 anavaa kitani nzuri na rangi ya zambarau, na hakuna anayemugombeza. Esta alivaa nguo zake za kifalme siku ile alipokwenda kuomba uzima wa taifa lake. Tunajua pia maneno ya Petro na ya Paulo juu ya kusuka nywele na zahabu. Wahubiri wanaume wanayapenda sana maneno hayo, na mara nyingi wanayahubiri wakiwa wamevaa viatu vya bei kubwa kuliko nguo zote za wamama wa musitari wa mbele. Basi hatuulizi kama mama anaruhusiwa kuwa muzuri. Anaruhusiwa. Ulizo letu lilitoka kwa dada mumoja, na ni ulizo gumu kuliko lile.

Jina lake hatutalitaja, na tumebadilisha mambo fulani kusudi asijulikane. Mume wake alitumika miaka mine kwa mukataba katika kompanyi moja ndogo. Mukataba uliisha na haukuandikwa tena. Sasa ni mwezi wa tano. Mutaani hakuna anayejua. Kila asubuhi yule baba anavaa koti lake la kazi, lile lenye mistari inayoangaza, anafunga viatu vyake vya chuma na kutoka. Anakwenda kukaa pembeni ya barabara kubwa, fasi magari ya mizigo yanaposimama, kuangalia kama kuna mutu anayetafuta mubebaji. Jioni anarudi saa ileile ya zamani. Na muke wake alikuja kwetu kutuambia kwamba kuna mufanya biashara anayemupa kikwembe cha Holandi kwa deni, alipe katika miezi mitatu, pamoja na faida. Feza ya kuanza kulipa anayo: ni ile iliyowekwa kwa masomo ya mutoto wao wa sekondari. Kikwembe chenyewe amekwisha kukichagua. Ni kile kinachoitwa "Mari capable".

Ndugu wanaume labda hawajui. Vikwembe vina majina, na majina yanasema. Kuna kimoja chenye ndege anayetoka katika kitundu. Kinamwambia mume: ukitoka, na mimi natoka. Kuna kingine kinachoitwa jicho la mbanda. Na kuna "Mari capable", mume mwenye uwezo. Mama akikivaa hahitaji kufungua kinywa. Kila mwanamuke katika nyumba ya karamu amesoma habari kabla hajaketi: huyu, mume wake anaweza.

Ni jambo la ajabu, nguo hii. Tunaiita ya kwetu, na wakati wa Authenticité, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, tulilazimishwa kuiita ya kwetu. Rais Mobutu alikataza wanaume suti na kravati, akawapa abacost. Wanawake walikatazwa suruali na wigi, wakaambiwa wavae kikwembe. Wazee kati yetu wanakumbuka wamama waliosumbuliwa barabarani sababu ya suruali, mpaka sheria ya mavazi ilipolegea mwaka 1990. Lakini kikwembe kile cha bei kilitoka wapi? Watu wa Java, katika Indonesia, ndio waliojua kuchora nguo kwa nta. Waholandi walitwaa ile kazi na kuipeleka katika mashini. Kiwanda cha Vlisco, katika muji wa Helmond, kilianzishwa mwaka 1846 na kingali kinafanya kazi. Nguo zilipita katika meli, zikafika kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi, na biashara ikazileta mpaka kwetu. Hata sisi tulishona vyetu, kule Kisangani katika kiwanda cha Sotexki, na leo vile vinavyojaa katika soko vinatoka China. Walitukataza nguo ya Muzungu na kutuvalisha nguo ya Muholandi. Kitambaa kilitoka mbali, lakini majina ni ya wamama wetu wa Afrika, wale wanaouza na wale wanaovaa. Waholandi walileta rangi. Wamama walileta maneno.

Basi dada huyu alitaka kuvaa neno. Na sisi tulijiuliza: kuvaa neno lisilo la kweli, ni uongo?

Baba mumoja kati yetu alijibu mara moja kwamba ni uongo mutupu. Alifungua Mithali 13:7, fasi panaposemwa juu ya mutu anayejifanya tajiri na hana kitu. Aliongeza habari ya Anania na Safira, waliosema uongo juu ya feza zao mbele ya mutume (Matendo 5). Halafu alifungua 1 Wafalme 14, na hapo wote tulinyamaza, sababu ni andiko linalogusa kanisa kama letu. Muke wa Yeroboamu alibadilisha nguo zake ili asijulikane, akaenda kwa nabii Ahiya juu ya mutoto wake mugonjwa. Nabii alikuwa muzee, macho yake hayakuona tena. Lakini aliposikia sauti ya miguu yake mulangoni alimuita kwa jina lake: ingia, muke wa Yeroboamu. Nguo yake haikumusaidia hatua moja. Baba huyo alisema: mbele ya Mungu tunasikiwa kwa miguu, na nguo haina kazi.

Tulisema amina. Lakini mama mumoja muzee, ambaye hakusoma sana na ambaye anajua Injili kwa kichwa, aliuliza: "Na Matayo 6?" Pale Bwana Yesu anafundisha juu ya mutu anayefunga. Anamwambia apake kichwa chake mafuta, anawe uso, kusudi watu wasimuone kwamba anafunga. Sasa tuangalie vizuri. Mutu huyu ana njaa. Bwana anamwambia aifiche njaa yake. Anamwambia apange uso na kichwa chake hata mutu akipita barabarani afikiri kwamba huyu amekula. Kama kuficha haja yako ni uongo, basi Bwana alifundisha uongo, na hilo haliwezekani. Kuficha ni kitu kimoja, kudanganya ni kitu kingine. Mama anayenawa uso mbele ya kutoka, ili watoto wasione kwamba alilia usiku, hajadanganya mutu.

Tulikaa juu ya neno hilo jioni nzima, na tunaandika hapa fasi tulipofika, bila kusema kwamba tumefika mwisho.

Tuliona kwamba mafuta yale ya Matayo 6 yalikuwa katika nyumba ya yule anayefunga. Hakuyakopa. Tena njaa aliyoificha ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekosa chakula kusudi yeye aonekane ameshiba. Dada yetu naye anataka kuficha, na katika kuficha hakuna ubaya. Musiba wa nyumba si gazeti la kusomwa na kila mupitaji. Lakini nani anayelipa bei ya kuficha kwake? Mutoto wa sekondari, anayesimamishwa mulangoni kwa darasa. Yeye hakualikwa katika karamu, na ndiye atakayeilipa. Zaidi ya hayo kuna mume. Muke akivaa "Mari capable", atafurahi kwa saa tatu, na kiisha yule baba atatafuta faida ya mufanya biashara juu ya taabu aliyo nayo, pembeni ya ileile barabara. Nguo ya kumusifu itakuwa muzigo mwingine atakaobeba.

Kwa hiyo hatukumwambia dada kwamba ni muongo. Tulimwambia kwamba nguo ile imelipwa na mutu mwingine. Ni makosa ya namna nyingine, na tunafikiri ni makubwa zaidi.

Lakini, wapendwa, tusiishie kwa dada. Yeye mwenyewe alitupa neno ambalo hatukuweza kulijibu mara moja. Alisema: "Kama sivai, watajua." Tulimuuliza, wakijua, itakuwa nini? Akahesabu. Mama wa duka atakataa kumupa unga kwa kuandika. Mwenye nyumba atakuja kuuliza feza yake mbele ya siku. Katika likelemba watasema asubiri kidogo, wengine watangulie kwanza. Na wale wanaomusalimia leo kwa kusimama watamusalimia wakipita. Si ndoto zake. Kila kitu alichohesabu tulikwisha kukiona mutaani kwetu, na vingine, tuseme kweli, tulivifanya sisi wenyewe.

Zamani haikuwa hivi, au tuseme haikuwa namna hii. Mama muzee alitukumbusha miaka ile Gécamines ilipoanguka, mishahara ikakawia miezi na miezi, mpaka mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10.000 walipotolewa kazini na kupewa feza kidogo ya kuagana. Kule Kolwezi na Likasi, alisema, wamama walivaa vikwembe vilevile miaka mingi, vikapauka rangi zote, na hakuna aliyeona haya, sababu wote walikuwa na njaa moja. Njaa ya watu wote haihitaji nguo ya kuificha. Lakini hapa Fungurume, tangu kompanyi kubwa ya machimbo ilipoanza kutoa shaba mwaka 2009, mushahara na ukosefu vinakaa katika kiwanja kimoja. Nyumba hii ina gari mulangoni; inayofuata ina paa la majani. Huyu ana mukataba, mwenzake ni mukreseri anayeshuka katika shimo, mwingine anangoja. Mwaka 2025, serikali iliposimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi kuanzia mwezi wa 2, hata wale wenye mukataba walilala vibaya. Katika muji kama huu nguo inakuwa karatasi ya kazi. Wanakuangalia nguo ili wajue kama unaandikwa mahali. Ndipo mwanamuke anaogopa kuvaa kikwembe cha zamani sawa na mwanaume anavyoogopa kuvua koti lenye mistari.

Yakobo 2 inasema juu ya mutu mwenye pete ya zahabu anayeingia katika kusanyiko, na masikini mwenye nguo chafu anayeingia nyuma yake. Sisi wahubiri tunaisoma juu ya kanisa. Lakini angalieni: mutume hamugombezi yule wa pete, wala yule wa nguo chafu. Anagombeza wale waliokwisha kuketi, wanaosema wewe keti hapa pazuri, na wewe simama kule. Wao ndio waliofanya nguo iwe na nguvu ile.

Mutu atatuuliza: na yule wa Matayo 22, aliyeingia katika karamu ya arusi bila nguo ya arusi, akatupwa inje gizani? Si andiko linalosema kila karamu ina nguo yake? Andiko hili limetumiwa mara nyingi kuwafungia masikini mulango, kwa hiyo tulisome polepole. Wageni wale waliokotwa barabarani, wabaya na wema, siku ileile ambayo chakula kilikuwa tayari. Hawakuwa na wakati wa kwenda kwa mushonaji, wala wa kukopa. Andiko halisemi nguo zao zilitoka wapi, na sisi hatutalisemea. Lakini inaonekana wazi kwamba nguo ile haikuwa ya kununuliwa sokoni, sababu mutu wa barabarani angeinunua na nini? Anayelitumia andiko hili kuuza vikwembe amelisoma vibaya.

Wengine walileta shauri la kikwembe kimoja kwa wote. Wamama wote wavae namna moja, na kulinganisha kutakwisha. Shauri hili si jipya. Katika miaka ya 1950 kule Léopoldville wamama wa vyama vya moziki walikwisha kuvaa vitambaa vya namna moja, na ilipendeza macho. Nasi katika ibada tunavaa nyeupe wote, na tunajua furaha yake: mujane na muke wa mukubwa wa kazi, huwezi kuwatenga ukiwa nyuma. (Ijapo hata katika nyeupe macho yetu yanatafuta. Kuna nyeupe ya pamba na kuna nyeupe yenye maua ya uzi inayoangaza chini ya taa, na hakuna mama asiyejua tofauti yake.) Lakini kanzu yetu nyeupe inashonwa kwa kitambaa chochote, na asiye nayo anashonewa. Kikwembe cha karamu ni cha bei moja, na asiye na bei anabaki inje. Umoja wa namna hiyo unapatikana kwa kuwaacha nyumbani wale ambao wangeuharibu. Kama wamama wenye karamu wanataka kikwembe kimoja, wachague cha bei ndogo kabisa katika soko, na sanduku la chama lilipe nusu. Tuliwaandikia hivyo. Hawajajibu.

Turudi sasa kwa barua na mavazi yake ya muji, maana kuna wamama wanaongoja tuseme waziwazi. Tuliuliza wale waliokwenda miaka iliyopita. Yadi 6 za kikwembe, ndio vikwembe vitatu vya yadi 2, zinatosha: kimoja cha kuvaa chini, kimoja cha kushona blauzi, ile tunayoita libaya, na kimoja cha kufunga juu. Aliye na yadi 4 ashone viwili, na kile cha juu atumie cha rangi moja alicho nacho nyumbani. Inapendeza, tena inaonekana kama ulitaka hivyo. Aliye na libaya la zamani alipeleke kwa mushonaji kubadilisha mikono na shingo tu. Wakambo zetu waliofundishwa kushona katika kambi za Union Minière waligeuza nguo ndani kuwa inje wakaivaa tena miaka. Kitambaa cha kichwa kifungwe vizuri. Mama aliyefunga kitambaa vizuri amekwisha kuvaa nusu ya nguo yake. Pasi ipite mara mbili, na kama umeme umekatika, ile ya makala haijafa. Mwezi wa 3 mvua haijaisha, na udongo wetu mwekundu hauheshimu mutu, kwa hiyo nguo isiburuze chini. Mufuko wa mukononi, viatu vilivyopanguswa. Hiyo ndiyo mavazi ya muji, na hakuna askari mulangoni atakayesoma jina la kikwembe chako.

Na kuazima je? Dada aliuliza, maana rafiki yake alimupa shauri la kuazima. Baba yule wa kwanza alitaka kusema tena ni uongo, lakini safari hii alijizuia. Tunafikiri hivi: kama mwenzako anajua hali yako na anakupa kikwembe chake kwa upendo, basi kuna mutu mumoja zaidi anayekujua, na hiyo inaondoa giza. Tunapendelea kuazima kuliko deni. Hatari yake munaijua: kuna mama anayeazimisha kikwembe na kiisha, katikati ya karamu, anasema kwa sauti, "Dada, angalia mchuzi, ni changu." Kwa mama wa namna ile, afadhali uende na nguo yako ya kudekia.

Tena kuna jambo moja tunalowaza kila tunapopita Lubumbashi. Nabii Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, na akafia gerezani kule Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Miaka 30 hakuchagua nguo yake. Mutu wa gereza anavaa anachopewa. Na leo wandugu zetu Wakimbangu, watu mamilioni, wanapolitaja jina lake hawaulizi alivaa nini. Tulimwambia dada habari hii, tukifikiri itamutia nguvu. Alitusikiliza kwa heshima. Kiisha akasema: "Ni kweli, wazee. Lakini yeye hakuwa na karamu siku ya Posho."

Tulicheka pamoja naye, na tuliona haya kidogo. Ni vyepesi kumupa mutu nabii wakati anapoomba kiti.

Maana lile ndilo alilotuomba mwisho. Alisema kikwembe cha deni atakirudisha, na feza ya mutoto itabaki feza ya mutoto. Ana kikwembe cha kijani chenye miaka sita, kilichopauka kidogo magotini. Atakipiga pasi. "Lakini nikifika na kikwembe hicho," alisema, "na wakiniangalia, ni nani katika ninyi atakayekaa meza moja na mimi?"

Wamama wawili kati yetu sisi tunaoandika ukurasa huu walikuwa wamekwisha kutengeneza vikwembe vyao vya Holandi. Waliangaliana. Mumoja alisema kwamba na yeye ana cha kijani mahali, ndani ya sanduku, kile cha ubatizo wa mutoto wake wa tatu, kama panya hawajakikula. Mwingine alisema atavaa kile alichokwisha kushona, sababu hataki kujifanya masikini, maana kujifanya masikini nako ni kuvaa neno lisilo la kweli. Lakini atakaa meza ileile, upande wa kuume, na hatatoka pale mpaka wakati wa kurudi. Tulibishana kidogo kama alisema vema. Dada ndiye aliyekata shauri: alisema inatosha.

Basi siku ya Posho, saa kumi na moja, tutamupitia kwake. Njia ya kwao imeharibika na mvua, kwa hiyo tutakwenda miguu wazi, viatu mukononi, mpaka tufike kwenye barabara ya lami. Mumoja wetu atabeba kopo la maji na kipande cha nguo ya kupangusia miguu.